Kalenda Kuukuu, Kidani Kipya: Safari ya Banda, Kampala

Ukiingia Kampala kwa basi la usiku kutoka Nairobi, mji unaupata kwa upande wa mashariki. Unakuwa umeshavuka mpaka wa Busia, umeyapita mashamba ya miwa ya Kakira, umelivuka daraja la Jinja lililofunguliwa Oktoba 2018 juu ya mto Nile, umeuacha msitu wa Mabira nyuma na Mukono pia. Asubuhi hiyo abiria wengi walikuwa bado wamejifunika mablanketi. Mimi nilikuwa macho dirishani, kwa sababu nilichokifuata Uganda kiko kandokando ya barabara hiyo hiyo ya Jinja, kilomita chache kabla hujafika katikati ya mji: kilima cha Banda, na wanawake wake wanaosokota shanga kwa karatasi.

Shanga za karatasi za Uganda zimeenea Afrika Mashariki. Utaziona kwenye masoko ya vinyago Nairobi na Arusha, zimetundikwa pembeni mwa shanga za Kimaasai, nyepesi, zinang'aa, kila moja na michirizi yake. Mnunuzi huzishika akidhani ni udongo uliochomwa, au mbegu, au mti uliopakwa rangi. Akiambiwa ni karatasi hushangaa, kisha hapo hapo huanza kuipunguza bei. Hujiambia karatasi ni takataka, kwa hiyo na kidani hakiwezi kuwa na thamani. Nimelishuhudia hilo mara nyingi, na kila mara limenichoma. Nilitaka kuifuata kazi hii tangu karatasi inaponunuliwa hadi fundo la mwisho linapokazwa, niisome kwa mikono yangu mwenyewe, nipate cha kumjibu mtu wa namna hiyo. Nilikuwa pia na haja ya nyumbani. Nilikuwa natengeneza kitabu cha kumbukumbu cha familia yetu, na nilitaka mapambo yake yawe ya mkono, si stika za dukani.

Kwa mwenyeji wangu nilielekezwa na mfanyabiashara wa Nairobi anayenunua kazi zake. Ni mama wa makamo, Mwacholi wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, na Kiswahili chake alikipata miaka aliyouza samaki wakavu mpakani. Aliniita mwanangu kabla hajaniuliza jina, nami nikamwita mama. Chai ilipokwisha alichukua gunia tupu, akalikunja kwapani, akasema twende mjini kwanza. Nyumbani hakuna kazi bila karatasi, na karatasi iko Nasser Road.

Kila mtu Kampala anaijua Nasser Road. Ni mtaa wa wachapaji, sambamba na Nkrumah Road, na kuanzia asubuhi hadi usiku mashine zake hazinyamazi. Hapo huchapwa kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya wagombea, vibandiko vya chupa, na kuanzia miezi ya mwisho wa mwaka, kalenda kwa maelfu. Kila kazi ya uchapaji ina masalio yake. Fundi anapoiwasha mashine, karatasi za kwanza hutoka na rangi zisizokaa sawa, nyekundu imepita mpaka wake, buluu imefifia. Hizo hutupwa pembeni mpaka rangi zitulie. Halafu kazi ikishachapwa hupelekwa kwenye mashine ya kukatia, na kingo zote huanguka chini. Masalio haya ndiyo malighafi ya Banda. Wasokotaji huyanunua kwa mafungu, na bei hupanda na kushuka kufuatana na ubora wa karatasi na hali ya soko. Kwa hiyo hata hiyo takataka inayodhaniwa ni ya bure ina bei yake, na hulipwa kabla ushanga wa kwanza haujasokotwa.

Nilidhani mama angechagua picha nzuri: maua, ndege, nguo za kitenge. Hakuzitazama. Alichukua rundo la karatasi, akaliinamisha, akawa anaipitia kila moja kwa ukingo wake, dole gumba likiteleza kutoka juu hadi chini. Karatasi moja ilikuwa na sura ya mgombea akitabasamu, aliiweka. Nyingine ilikuwa na ziwa na machweo, mandhari ya kupendeza sana, aliirudisha.

"Usiangalie picha, mwanangu," akaniambia. "Picha itapotea. Angalia rangi zinakaa wapi."

Maana ya maneno hayo niliielewa baadaye, nilipokaa mkekani. Pale dukani aliendelea kunionyesha mambo mengine. Karatasi ya gazeti aliikataa, kwa sababu ni laini mno, hunywa gundi na kulegea. Kadi nzito aliikataa pia, kwa kuwa hupasuka inapokunjwa na kuacha mistari myeupe ya nyufa. Aliyoitaka ni ile ya kalenda na vipeperushi, yenye mng'ao na uzito wa wastani. Na kila fungu alilijaribu kwa kulipinda: mara moja kwa marefu, mara moja kwa mapana. Karatasi ina mwelekeo, kwa sababu nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja zinapotengenezwa kiwandani. Ukiipinda kufuata mwelekeo huo hutii kwa urahisi. Ukiipinda kinyume hukaza na kutaka kujinyoosha. Msokotaji anayejali huujua mwelekeo wa karatasi yake kabla hajaigusa kwa mkasi.

Tulirudi kwa matatu, ambayo Waganda wenyewe huiita teksi, ile nyeupe yenye mstari wa vimraba vya buluu ubavuni. Tukapita Nakawa, tukapita Kyambogo palipo na chuo kikuu, tukashuka Banda na kuanza kupanda. Kilima hiki kina sehemu ambayo kila mtu huiita Acholi Quarter. Ukiifikia, sauti ya kwanza kuisikia ni ya nyundo. Ubavuni mwa kilima kuna machimbo ya mawe, na humo watu, wengi wao wanawake, hukaa juani wakiponda mawe kuwa kokoto za ujenzi. Kokoto hupimwa kwa madumu, na malipo yake ni madogo mno kwa jasho linalomwagika.

Historia ya mtaa huu ni ya vita. Kuanzia mwaka 1987 kaskazini mwa Uganda kulipiganwa vita kati ya majeshi ya serikali na waasi wa Lord's Resistance Army wa Joseph Kony. Vijiji vya Gulu, Kitgum na Pader vilichomwa, watoto walitekwa nyara na kufanywa askari, na zaidi ya watu milioni 1.5 walihamishwa makwao, wengi wakisongamana kwenye kambi. Waliopata nauli walikimbilia kusini. Baadhi yao walifika hapa Banda, mahali palipokuwa na kazi isiyodai cheti wala mtaji, yaani kuponda mawe. Makubaliano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini Agosti 2006 katika mazungumzo ya Juba, na baadaye wengi walirudi makwao. Mama alibaki. Watoto wake walikuwa wameshaingia shule za Kampala, na mkononi mwake alikuwa na kazi nyingine iliyomtoa machimboni. Kazi hiyo ni ya karatasi.

Tulikaa barazani, mkeka chini, gunia la karatasi pembeni. Vifaa vyake vyote vilienea kwenye ungo mmoja: rula ya chuma, penseli, mkasi mkubwa, kikopo cha gundi nyeupe ya maseremala, na spoki za baiskeli zilizosuguliwa kwa msasa hadi zikawa laini. Hakuna mashine. Mtu yeyote mwenye meza na mkono uliotulia anaweza kuvipata vifaa hivi leo.

Hatua ya kwanza ni kupima, na hapa ndipo niliposhika adabu ya kazi hii. Ushanga wenye umbo la yai, mnene katikati na mwembamba pembeni, hutoka kwenye pembetatu ndefu. Chukua karatasi ya kawaida ya ofisini, yenye upana wa sentimita 21 na urefu wa karibu sentimita 30. Ukingo wa juu utie alama kila baada ya sentimita 2, kuanzia kona ya kushoto. Ukingo wa chini anza na sentimita 1, kisha endelea kila baada ya sentimita 2. Unganisha alama kwa mistari ya kwenda na kurudi, juu, chini, juu, chini. Ukikata unapata pembetatu 20, kumi zimesimama na kumi zimeinama, na hakuna kinachopotea ila kingo za pembeni. Upana wa kitako cha pembetatu ndio utakuwa urefu wa ushanga. Urefu wa pembetatu ndio utakuwa unene wake. Ukitaka ushanga mwembamba, fupisha. Ukitaka mnene, tumia karatasi ndefu zaidi. Ukitaka silinda isiyo na tumbo, kata ukanda ulionyooka badala ya pembetatu.

Mama alikata bila kuharakisha. Alisema wanaojifunza hupenda kukimbilia kusokota, kumbe ushanga huharibikia kwenye mkasi. Pembetatu ikizidi upande mmoja hata kwa milimita, tabaka zake hupanda upande huo, na ushanga hutoka na bega moja juu. Hakuna gundi wala vanishi itakayolirudisha bega hilo chini.

Kusokota kwenyewe ni hivi. Unakilaza kitako cha pembetatu juu ya spoki, upande wenye rangi ukitazama nje. Unakibana kwa dole gumba na kidole cha shahada, unazungusha mzunguko wa kwanza bila gundi ili ushanga usigande kwenye spoki, kisha unapaka gundi kidogo kwa ncha ya kidole na kuendelea kuzungusha, ukihakikisha ncha ya pembetatu inabaki katikati. Mkono wa kushoto unavuta karatasi kidogo, wa kulia unazungusha. Mvuto huo ndio siri yote. Ukilegeza, ushanga unakuwa na pumzi ndani, na vanishi ikiingia humo huvimba. Ukivuta kupita kiasi, karatasi hutoka upande kwa upande. Mwishoni unaibandika ncha, unauzungusha ushanga mara moja tu katikati ya vidole viwili, na kuuchomoa.

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya Nasser Road. Karatasi ikishasokotwa, kinachobaki kuonekana ni kingo zake mbili tu, tabaka juu ya tabaka, pamoja na kipande kidogo cha ncha. Kila kilichokuwa katikati kimezikwa. Ile picha ya ziwa na machweo ingetoa ushanga wa kijivu, kwa kuwa rangi zake nzuri hazikufika kwenye mistari ya kukatia. Uso wa mgombea, ambao haukuwa na kitu cha kupendeza machoni pangu, ulikuwa umezungukwa na manjano na nyekundu nzito, na shanga zake zilitoka na michirizi ya moto. Juu ya ushanga mmoja zilibaki herufi mbili za jina la mtu, zimekatika, hazisomeki. Mama huzipenda hizo. Alinionyesha ushanga mwingine uliobeba tarehe nzima ya kalenda kwenye ncha yake, nambari nyekundu ya Jumapili, na akauweka kwenye kikopo cha peke yake. Huo si wa kuuza, akasema.

Shanga zikishakauka huchomekwa kwenye uzi wa plastiki wa kuvulia samaki, zikiachana kidogo, na uzi mzima hutumbukizwa kwenye kopo la vanishi isiyo na rangi. Hutolewa, hukung'utwa, hutundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kesho yake hurudiwa, na mara nyingi hurudiwa tena. Tabaka hizo ndizo zinazoigeuza karatasi kuwa kitu kigumu kinachogonga mezani kama mbegu kavu, chenye kuhimili jasho na manyunyu, ingawa si cha kuogea. Vanishi ina harufu kali, kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, watoto wakiwa mbali. Na hutegemea jua. Kampala ina misimu miwili mikubwa ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Novemba, na katika miezi hiyo uzi mmoja huweza kuning'inia siku kadhaa ukiwa bado unanata. Oda haingoji mvua ipite, na mama husokota tu, akiingiza na kutoa kamba zake kila wingu linapopita.

Tufanye hesabu. Kidani cha sentimita 90 chenye shanga za sentimita 2 kinataka shanga 45. Mikono iliyozoea husokota ushanga mmoja kwa dakika moja au zaidi kidogo. Kidani cha nyuzi tatu kina shanga 135, yaani zaidi ya saa mbili za kusokota peke yake, mbali na safari ya mjini, kupima, kukata, kutumbukiza vanishi, kuanika, kupanga rangi, kutunga na kufunga kibanio. Aliyesimama dukani akasema ni karatasi tu, hii ndiyo hesabu aliyoiruka.

Ufundi wenyewe ni wa zamani na umepita mikono mingi. Wanawake wa Uingereza wa karne ya 19 walisokota vipande vya karatasi za ukutani, wakavitunga kuwa mapazia ya milangoni. Kwao ilikuwa kazi ya jioni ya kupitisha muda. Kampala kazi hiyo hiyo ilikuja kuwa ada ya shule. Mwaka 2004 wanawake kadhaa Wamarekani waliofika mjini walimkuta mama mmoja akisokota shanga nje ya kibanda chake, wakanunua chache, na watu waliowaona wamezivaa wakazitaka. Kutokana na hapo likazaliwa shirika la BeadforLife, ambalo kwa miaka mingi liliuza shanga za Uganda katika karamu za nyumbani huko Marekani, na baadaye likageukia kufundisha wanawake biashara kwa jina la Street Business School. Soko hilo liliufanya ufundi wa barazani kuwa riziki ya kaya nyingi. Pia liliwafunza wasokotaji jambo moja: mnunuzi aliyeelezwa ushanga umetengenezwaje hulipa bila kulalamika.

Siku ya kupeleka mzigo tulikwenda kwenye kijiji cha wauza sanaa kilicho nyuma ya ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza, ule uliofunguliwa mwaka 1959. Vibanda vimepangana, na karibu kila kimoja kina ukuta wa shanga za karatasi. Lakini kilichonishika mimi ni rafu za kadi na albamu. Kadi zilikuwa na picha za wanawake wamebeba mitungi na wachuuzi wa ndizi, zote zimeundwa kwa maganda makavu ya mgomba yaliyokatwa na kubandikwa. Rangi zote ni za mgomba wenyewe, kuanzia krimu hadi kahawia iliyoiva, bila tone la wino. Albamu zilikuwa zimevikwa lubugo.

Lubugo ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Fundi hulichuna gome wakati wa mvua, huufunga mti kwa majani ya mgomba ili ujiponye na kuota gome jipya, kisha hulitwanga gome kwa nyundo za mti zenye mifereji hadi lipanuke, lilainike na kuwa na rangi ya udongo mwekundu. Kwa Baganda ni vazi la heshima la kifalme na la maziko, na ukoo wa Ngonge ndio wenye jukumu la kulitengeneza kwa ajili ya Kabaka, mfalme wao. UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa turathi ya binadamu mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha yake. Kukishika kitabu cha picha kilichovikwa nguo ya namna hiyo ni kukubali kwamba kilichomo ndani nacho kinastahili heshima. Nilinunua masalio ya lubugo, vipande vya mkono, nikarudi navyo Banda.

Hapo nikakuta kwamba mwalimu wangu wa pili alikuwa ndani ya nyumba ile ile. Binti wa mwisho wa mama, mwanafunzi wa sekondari, hutengeneza vitabu vya kumbukumbu kwa mabaki ya kazi ya mama yake. Alivitoa vipande vyangu vya lubugo mfukoni, akaviangalia, akasema, "Dada, shanga zako usizibandike ndani ya kitabu. Hakitafunga."

Alisema kweli. Pambo la ukurasani lazima liwe bapa. Yeye hukata kanda nyembamba za nusu sentimita, huzizungusha kwenye spoki kama mama yake anavyofanya, kisha huzichomoa na kuziachia zijifungue kidogo. Mzunguko ule huubana kwa vidole upande mmoja ukawa tone la mvua, pande mbili ukawa jicho au jani. Matone matano yakizunguka kitufe kimoja ni ua. Huzibandika zikiwa zimesimama kwa ukingo, na ua zima halizidi unene wa ukanda wenyewe. Kwenye mgongo wa kitabu, kati ya kila kurasa mbili, hushonea ukanda mwembamba wa karatasi ngumu, ili mgongo uwe mnene sawa na kurasa zilizojaa mapambo. Kitabu kisicho na kanda hizo hupanuka mdomo na kurarua nyuzi zake.

Kurasa zake nyingine huzitengeneza mwenyewe. Kingo nyeupe za Nasser Road huzichanachana, huzilowesha usiku kucha, huzitwanga kinuni hadi ziwe uji, kisha huumimina uji kwenye beseni la maji. Huchota kwa fremu ya mbao iliyotandikwa wavu wa dirishani, huitikisa fremu ikiwa bado majini ili nyuzi zilale sawa, huinua, husubiri maji yachuruzike, hupindua karatasi mbichi juu ya kitambaa, huigandamiza kwa mbao na mawe, kisha huianika. Akitaka rangi hutia maganda ya vitunguu yaliyochemshwa. Akitaka urembo hunyunyizia nyuzi za mgomba. Karatasi inayotoka ni nzito, ina kingo za mawimbi, na hupokea gundi vizuri.

Picha zenyewe hazipaki gundi hata kidogo. Hukunja vipembe vinne vya karatasi, huvibandika vipembe, na picha huchomekwa humo. Siku ikihitajika hutoka salama. Wala haziweki picha zikigusana na karatasi ya gazeti, kwa kuwa gazeti huwa la njano haraka na kuiambukiza picha. Gundi ya uji wa muhogo, inayopatikana kila nyumba, huitumia kwenye majalada tu kwa sababu huvutia mende.

Kitabu cha familia yao kina picha nne tu zilizotoka Kitgum. Nyingine zilibaki nyumbani siku waliyokimbia, na nyumba ikachomwa. Lakini kurasa zimejaa. Binti amebandika ripoti ya kwanza ya shule ya kaka yake, risiti ya karo iliyolipwa kwa fedha za shanga, tiketi ya basi la Gulu la mwaka mama aliporudi kuzika dada yake, na kwenye bahasha ndogo iliyoshonewa ukurasani, zile shanga za kikopo cha peke yake, zenye tarehe. Kila moja ni ya siku fulani: aliyozaliwa mjukuu, aliyotoka mtu hospitalini. Mama huzitafuta tarehe hizo kwenye kalenda za masalio, huzikatia pembetatu maalumu ili nambari ibaki nchani, na huzisokota mwenyewe. Familia iliyopoteza picha zake imejiandikia historia upya kwa karatasi zilizotupwa na wengine, na imeandika kwa makini.

Nawaomba wanaosoma makala haya wafanye mambo mawili. La kwanza, mwaka huu ukiisha msizitupe kalenda. Wakalisheni watoto mezani siku ya likizo na rula, penseli, mkasi, gundi nyeupe na kijiti cha mishikaki. Anzeni na ile karatasi ya pembetatu 20. Ushanga wa kwanza ukilegea, kateni mwingine. Wakusanyeni bibi na babu, waulizeni majina ya watu walio kwenye picha za zamani kabla majina hayo hayajapotea, na mpambe kurasa zenu kwa mikono yenu. Kazi hii haina gharama ya kumshinda mtu, na humfundisha mtoto kupima, kusubiri na kumaliza alichokianza.

La pili linahusu soko. Siku utakapokuta kidani cha karatasi kimetundikwa, Kampala, Nairobi, Arusha au popote, muulize muuzaji ni nani aliyekisokota na kimemchukua muda gani. Asiyejua kujibu huenda hakumlipa msokotaji vizuri. Nenda kwa anayejua. Na bei atakayokutajia yule anayejua, usiombe ipunguzwe. Aliyewahi kusokota shanga 45 kwa mkono wake anajua kwamba bei hiyo ni ndogo.